Usizianike darini

Athmani ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, mvua tu ndiyo haitupi nafasi. Nasikia kwa Mwanakombo ati kadi zako za posta zimeota koga na wataka kuzianika darini. Chonde, usizianike! Jua litazipausha na kuzipinda, na zilizotiwa rangi kwa mkono ndizo zitakazotangulia. Zitandaze kivulini juu ya karatasi nyeupe, panka livume pembeni, lisizielekee. Koga ikishakauka kabisa, ipanguse nje kwa brashi laini, barakoa usoni. Kitambaa kibichi hapana: koga mbichi ikisuguliwa huzama ndani ya karatasi.

Lakini mimi naishuku ile albamu unamoziweka kuliko koga. Plastiki inayonuka kama koti jipya la mvua ni PVC. Hutoa asidi, na mafuta yanayoilainisha hung'oa wino. Huna hakika? Choma waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, uguse kipande cha plastiki, urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, albamu haifai. Fanya nje, moshi wake mbaya. Na kipande kiwe hakina kadi ndani. Nasema kwa kuwa nakujua.

Tafuta mifuko ya poliesta au polipropilini. Kadi nyingi za kale ni kama sentimita 9 kwa 14, basi mfuko uzidi kidogo. Zisimamishe kwenye boksi la karatasi isiyo na asidi, zisilale wala zisishindiliwe, kisha boksi liingie kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na silika, vile vipunje vya kunyonya unyevu. Ila zikauke kwanza! Ukifungia unyevu ndani, umeipikia koga. Silika ikigeuka rangi ikaushe, la sivyo ni changarawe tu. Kipima unyevu kisome karibu asilimia 50. Kikikaa juu ya 65, koga itarudi. Na usiegemeze kitu kwenye ukuta wa nje, yale mawe ya matumbawe hunywa maji masika nzima.

Pini, selotepu, raba bendi, zote toa. Nambari andika nyuma kwa penseli ya 2B.

Albamu tena: kadi iliyogandana na plastiki usiibandue. Kata mfuko pembeni, uiache hivyo hivyo, ukawaulize Ngomeni, pale Fort Jesus, wana maabara ya uhifadhi.

Koga yenyewe nyeupe au nyeusi? Zipo zilizoandikwa ujumbe upande wa picha? Hizo anza nazo, huenda ni za kabla ya 1902, Waingereza walipokuwa hawajaruhusu kuandika ujumbe nyuma, upande wa anwani. Zile zenye picha za Ndia Kuu, Mji wa Kale, zimepona? Na nani kakwambia uanike, Mwinyi?

Wako,
Saidi