Sio karata, ni fizikia, ila hizo kadi ziandikwe vizuri

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako.

Huku kwetu Ngamiani wazazi wameanza kulalamika kwamba vijana wa kidato cha tano wanashinda barazani na kadi mkononi, wengine washasema ni kamari. Jamani sio kamari. Ni manila wamekata vipande, mbele swali nyuma jibu, wanakariri fomula za mwendo wa kuzunguka, ile topiki ya advansi inayowatoa jasho PCM na PCB, yani wanaosoma fizikia na kemia pamoja na hesabu au baiolojia. Waacheni wasome.

Mimi nafundisha tyusheni ya fizikia na kadi nazikubali, shida yangu ni zinavyoandikwa. Nyingi nlizoziona mbele pameandikwa "nishati ya kuzunguka", nyuma nusu I omega skweya (I ni momenti ya inesha, yani ugumu wa kitu kubadilishwa mzunguko wake, omega ni kasi ya kuzunguka), basi. Mtoto anajibu haraka kama kasuku. Sasa mpe gurudumu la baiskeli, na Tanga baiskeli sio kitu cha kutafuta, mwambie rimu ina kilo 2, redias mita 0.3, spoki tusizihesabu, linazunguka redian 10 kwa sekunde, breki imelisimamisha kwa sekunde 5, toki ya breki, yani nguvu yake ya kubadilisha mzunguko, ni ngapi? Anaganda. Fomula zote anazo kichwani ila hakuna kadi iliyomuuliza aanzie wapi. Wakati ni kitu chepesi tu, I ni MR² yani 0.18, linapungua redian 2 kwa sekunde kila sekunde, zidisha, toki 0.36 nyutonimita. Hilo gurudumu ndo lilitakiwa kuwa mbele ya kadi.

Alafu kuna kadi za kupoteza manila. Zile fomula tatu za omega, alfa (omega inavyobadilika kila sekunde) na theta (pembe iliyozungukwa) za nini kuziandikia kadi tatu wakati toka sekondari ya chini mtoto anajua v = u + at na wenzake? Toa s weka theta, toa v weka omega, toa a weka alfa, hata F = ma ukitoa m ukaweka I unapata toki. Kadi moja inatosha, ila iandikwe kwa kalamu nyekundu kwamba zile tatu zinafanya kazi alfa ikiwa haibadiliki tu, maana hapo ndo wengi wanapoangukia.

Kadi nyingi ziende kwenye momenti za inesha, hizo kuzitafuta kwa integresheni ndani ya pepa muda unaisha. Ringi MR², sahani nusu yake, tufe lililojaa 2/5, lenye uwazi na ganda jembamba 2/3. Na mchoro wa eksisi, yani mstari ambao kitu kinauzungukia, uwepo, maana fimbo ikizungukia katikati ni 1/12 ML², ikizungukia mwisho ni 1/3, sasa kadi imeandikwa "fimbo" tu mtu ajibu nini? Swali jingine zuri la kadi, tufe lililojaa, sahani na ringi vikiviringishwa pamoja kwenye mteremko bila kuteleza kipi kinafika kwanza? Tufe, hata kama ringi ndo nzito, na aeleze kwanini.

Jingine ni kwamba wanarudia zile wanazozijua kwasababu zinanoga. Kuna mwandishi Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 utaratibu wa maboksi, ukipatia kadi inahamia boksi la mbele ambalo unalifungua mara chache, ukikosa inarudi boksi la kwanza. Maboksi ya viatu yanatosha, hata bahasha.

Wazazi, zile kadi zilizochapwa zinazouzwa steshenari msinunue, nusu ya kusoma ni kule kuziandika. Na kumsaidia mwanao sio lazima ujue fizikia. Chukua kadi yoyote muulize hii fomula inatumika lini na lini haifai, jibu lisipokuwepo nyuma mwambie aliandike.

Mwalimu wa tyusheni,
Ngamiani, Tanga