Barua ya wazi kwa dada yangu anayehesabu kurasa za daftari

Shikamoo dada.

Vois yako nimeisikiliza yote, mpaka pale unapouliza hela inaenda wapi kama mtoto anatoka Majengo anakuja huku kwangu Rau kwa tuisheni ya hesabu anakaa masaa mawili halafu daftari lina ukurasa mmoja na nusu, wakati wa jirani akitoka tuisheni lake limejaa mpaka pembeni. Nakujibu hadharani maana wazazi wengi hapa Moshi wananiuliza hilohilo.

Kijana yuko kidato cha tatu na unataka nimkimbize na mapepa ya NECTA, yaani ya Baraza la Mitihani. Tutafika. Ila siku ya kwanza nilimpa -3 - 5, akaandika 8, bila wasiwasi kabisa. Kwa nini? Eti hasi na hasi ni chanya. Yaani kanuni ya kuzidisha kaibeba akaja nayo huku ambako hamna kuzidisha kokote. Ningemwekea kosa na kumwandikia jibu angenakili vizuri tu na ukurasa ungejaa. Nikamwambia haya, Mangi wa dukani anakudai elfu tatu, umekopa tena elfu tano, unadaiwa ngapi? Nane, fasta. Sasa mbona hapa umeandika kama Mangi ndo anadaiwa na wewe? Akacheka, akafuta mwenyewe.

Sehemu nazo ni balaa. Nusu jumlisha theluthi yeye anajumlisha juu kwa juu chini kwa chini, anapata 2/5. Sikumwambia amekosa, nikamwambia ageuze kuwa desimali, nusu ni 0.5 na jibu lake ni 0.4. Akaliangalia weee, akasema mjomba, nimeongeza halafu imepungua? Hapo tulikaa karibu kipindi kizima dada, na ndo hako kaukurasa unakokalalamikia, mpaka akanieleza yeye kwamba vipande havilingani ukubwa ndo maana lazima vyote viwe vya sita kwanza, 3/6 na 2/6, inakuja 5/6. Namtaka aongee huku anafanya, akinyamaza najua anakisia.

Aljebra hivyohivyo. Akiandika (a + b)² ni a² + b² simgombezi, namwambia weka 2 na 3 uone, upande mmoja 25 upande mwingine 13, jitetee.

Halafu hiyo simu umpunguzie, home wek anapiga kwenye kalkuleta na wewe unaona ana akili. Mtihani wa hesabu wa kidato cha nne kalkuleta hairuhusiwi, ni majedwali ya NECTA tu, na kuyasoma yale majedwali ya logi ni mazoezi ya mkono siyo ya kukariri usiku mmoja. Sehemu A ina maswali 10 yenye maksi 60, na humo hasi na visehemu vinarudi kila kona. Gredi ya D inaanzia maksi 30 kwa mia, C 45. Hata jibu likikosewa mwishoni hatua zinabeba maksi, ila sasa mtu anayekisia hatua atazitoa wapi?

Ukitaka kumpima usifungue daftari, mwambie akufundishe swali moja jikoni ukiwa unamenya ndizi. Ukielewa, hela yako ipo. Usipoelewa nipigie.

Jumamosi aje saa tatu, na daftari lake la kidato cha kwanza hata kama limechanika. Simu ubaki nayo wewe mama yake.