Kaka, lile bomba la uani

Shikamoo kaka.

Najua simu zangu hupokei, na kundi la familia ulijitoa usiku ule ule. Ila mkeo husoma ninayoandika hapa. Wifi, msomee akishakula, asije akasukuma sahani.

Nianze na mita, maana ubishi ulianzia pale. Ilikuwa wakati wa mgao wa 2022, Mto Ruvu umepungua na Dar nzima inahesabu ndoo. Bili ya mama ikaja uniti 31, wakati alizoea 9. Uniti moja ni lita 1,000, na mama anaishi na wajukuu wawili, hana kiwanda cha soda. Siku maji yaliporudi tukatoka usiku na tochi ya simu, koki zote zimefungwa, nikapangusa kioo cha mita kwa khanga. Kale kagurudumu kalikuwa kanazunguka taratibu, hakana hata haraka. Ukasema, "Upepo huo. Maji yakirudi yanasukuma hewa." Nikubali, hewa kweli huzungusha mita, hasa siku za mgao. Lakini hewa hupita ikaisha. Kale kalizunguka mpaka ukapiga miayo ukaenda kulala.

Mwenye wasiwasi na bomba la kwake afanye hivyo hivyo: afunge koki zote usiku, asome namba, alfajiri asome tena kabla mtu hajanawa uso. Zikisogea, kuna mahali panavuja. Na pale pale panapotoka maji ndipo uchafu unapoingilia, kwa sababu mgao ukikata, bomba linabaki tupu na kuvuta kilichopo nje ya tundu. Nje ya tundu letu palikuwa na shimo la choo la zamani, hatua mbili tu. Watoto walipoharisha ile Novemba ukasema ni maembe mabichi. Haya, maembe.

Pesa ya fundi nilituma. Laki na themanini, ya kukata lile bomba la chuma la marehemu baba na kupitisha la plastiki nje ya ukuta. Ukanijibu, "Imefika, nitamwita wiki ijayo." Sikuuliza ilikwenda wapi. Baadaye nilisikia ni ada ya shule ya mwanao, na kama ungeniambia ningetuma nyingine. Pengine. Mwezi ule nami nilikuwa na kodi ya miezi sita.

Hayo yote nimeshayameza. Kinachonikaa kooni ni ile Idi ya 2023.

Umechuchumaa kwenye kona ya bafu, kanzu umeikunja magotini, unazungushia kipande cha tyubu ya baiskeli pale bomba linapotokeza sakafuni. Unavuta kwa meno, unafunga fundo. Mama amesimama mlangoni na bakuli la tambi, anasema mikono ya baba yako hiyo. Ukacheka. Ukanyanyuka, ukapiga kisigino sakafuni kama unayekung'uta vumbi, na sakafu ikalia du, du, kama ngoma. Chini palikuwa patupu. Ukanitazama. Nikakutazama. Mama akasema pilau linapoa, tukaenda kula.

Kaka, uliisikia. Usiniambie ilikuwa masika. Maji yamevuja chini ya ile saruji nyekundu miezi na miezi, yanabeba mchanga kidogo kidogo kuupeleka kwenye lile shimo la zamani, saruji imebaki kama kaukau. Tyubu yako ilizuia tone tulilokuwa tunaliona. Bomba lile limeoza kwa ndani, ukilibana hapa linatobokea pale, na wewe si mgeni wa mabomba.

Wiki tatu baadaye mama alikwenda kutia udhu alfajiri, sakafu ikakatika, mguu ukazama mpaka kwenye goti. Nyonga. Mengine unayajua, uliyabeba mgongoni mpaka kwenye bajaji, na kwa hilo Mungu akulipe, sijawahi kukwambia.

Lakini pale hospitali, mbele ya wajomba, ukasema, "Wewe mambo yako ni miamala tu. Mama analelewa na aliyepo." Nikajibu nilivyojibu. Neno la mwizi nalirudisha, nalirudisha hapa hapa mbele ya watu, kwa kuwa mbele ya watu ndipo nililitoa. Lakini ile Idi ungenitaka nifanye nini? Nilikuwa na basi la Dodoma saa kumi na mbili asubuhi, ruhusa yangu imekwisha. Mimi ni mtoto wa kike, wa mwisho, ningemwita fundi juu ya kichwa cha kaka yangu mkubwa, siku ya Idi, huku mama anasifia mikono yako? Ungesema nakudharau. Ungesema! Na ungeninunia hivi hivi, ila mama angekuwa anatembea bila mkongojo. Hesabu hii huwa naipiga ndani ya basi, kila safari.

Tangu siku ile maji ya uani tumeyafunga, watoto wanachota kwenye koki ya nje. Mama anasema amezoea. Unamjua, hata jino likimuuma husema amezoea.

Jumamosi hii nakuja, na fundi anakuja saa mbili asubuhi. Ameniuliza bomba limepita wapi kuelekea jikoni, asije akavunja korido nzima analitafuta. Sijui, na mama hajui. Baba alilaza usiku, wewe ndiye ulimshikia karabai, mimi sijazaliwa. Halafu ile geti vali ya barabarani, ya kufungia maji, inataka koleo la mpini mwekundu, na liko kwako.

Ukiona vigumu kuingia nikiwepo, nitakuwa jikoni.