Barua kwa Hamisi kutoka York

York, Jumapili jioni

Sahibu yangu Hamisi,

Mimi mzima, hofu ni kwako wewe. Tangu nilipoongeza kile chumba cha uani kwa fundi mwingine, bati lake likakataa kuelewana na vigae vya nyumba kubwa, hujaacha kunicheka. Basi jana nimekwenda Castle Howard, nyumba ya makabaila huku Yorkshire, Uingereza, na nimepata wa kunitetea.

Ukisimama bustanini upande wa kusini unaliona jengo lote, mawe ya rangi ya asali na kuba katikati. Ubavu wa mashariki umejaa mbwembwe na nakshi. Geuza macho magharibi: ukuta umetulia, mkubwa zaidi, kama umeazimwa nyumba nyingine. Nikaziba jicho hili, nikaziba lile. Wapi! Hazilingani.

Kisa chake ni hiki. Mwaka 1699 Charles Howard, Lodi Carlisle wa tatu, alimpa kazi ya ramani John Vanbrugh, mtunzi wa tamthilia ambaye alikuwa hajajenga hata banda la kuku. Wewe ungemkabidhi kiwanja? Heri alikuwepo Nicholas Hawksmoor, aliyeiva kazini kwa msanifu majengo Christopher Wren, akazigeuza ndoto za yule bwana kuwa vipimo. Walianza mashariki, wakaja katikati. Kuba yenyewe ilizuka njiani, ramani za mwanzo hazikuwa nayo. Kijiji cha Henderskelfe kiliondolewa kuwapisha. Nilitafuta walau alama ya kisima, sikuiona.

Vanbrugh akafa 1726, Lodi akamfuata 1738, magharibi bado patupu. Miaka ya 1750 ndipo mkwewe Lodi, Thomas Robinson, akapajenga. Lakini fasheni ilikwishageuka: akaiweka kando ramani ya Vanbrugh, akafuata mtindo wa Palladio, yule msanifu majengo Mtaliano. Nani amemcheka? Watu wanalipa kiingilio kuitazama.

Kuba ya leo si ile ya kwanza. Novemba 1940, wakati shule ya wasichana imehamishiwa humo kwa sababu ya vita, moto ulizuka, kuba ikaanguka. Waliijenga upya miaka ya 1960. Nimeinua shingo hadi ikauma: juu kabisa yumo Phaethon, kijana wa ngano za Wayunani aliyeng'ang'ania kuendesha gari la jua, anaporomoka na farasi wake. Picha iliyoungua, ya mchoraji Pellegrini, nayo ilikuwa ya Phaethon huyo huyo. Mimi ningechora samaki.

Picha ya nyumba nimeitia humu kwenye bahasha. Magharibi ni kushoto kwako. Ukishaitazama, tafadhali pita uani kwangu uangalie kama mvua zimeingia pale bati linapokutana na vigae. Hapo, nakiri, panavuja.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Salumu