YAH: MALALAMIKO KUHUSU MFUMO WA KANZIDATA MLIOTUTENGENEZEA

Ndugu Meneja Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Mkataba mnao, na kipengele cha dhamana mlikiandika wenyewe, hivyo sitawachosha kwa kukinukuu.

Jumatatu ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, mama mmoja muuza dagaa alifika kwenye dirisha la SACCOS yetu kutoa fedha za ada ya mwanawe. Mfumo wenu ulionyesha kuwa hana hata senti, ilhali kitabu chake, chenye muhuri wetu na harufu ya dagaa, kilisoma shilingi 1,340,000. Fundi wenu, aliyekuwapo ofisini, hakukifungua kitabu hicho. Alimwambia mbele ya foleni nzima, "Mama, kompyuta haidanganyi, labda ulitoa ukasahau."

Tulikesha siku mbili na madaftari ya zamani ndipo tukaelewa. Msimbo, yaani maagizo yanayoendesha mfumo wenu, ulioandikwa na akili mnemba, ulikuwa unaoanisha wanachama na mikopo yao kwa majina, si kwa namba ya uanachama, kwa hiyo marejesho ya mkopo wa mwanachama mwingine mwenye majina yale yale matatu yalikuwa yakikatwa kwenye akiba ya mama huyu kwa miezi minne. Karani mgeni kabisa asingefanya hivyo, maana siku ya kwanza tu angejua soko letu lina kina Asha wangapi.

Sina ugomvi na akili mnemba yenyewe. Modeli ya lugha, yaani aina hiyo ya akili mnemba, huandika neno linaloelekea kufuata, na huandika haraka na kwa kujiamini, lakini haijui chama chetu. Ndiyo maana tulilipa kampuni yenye watu. Siku ya makabidhiano niliuliza ni nani aliyeukagua msimbo, nikajibiwa kwamba majaribio nayo yaliandikwa na modeli ile ile na yote yamefaulu. Mwanafunzi ajitungie mtihani, ajisahihishie, kisha atuletee cheti!

Naomba nirudi pale dirishani, kwa sababu sijaeleza yote. Baada ya kumwambia mama yule kuwa amesahau fedha zake mwenyewe, naye akiwa amekishika kitabu kwa mikono miwili, fundi wenu alitoa simu, akaandika humo jina la mama huyo, namba yake ya kitambulisho cha Taifa na salio lake, akaiuliza programu ya akili mnemba kasoro iko wapi. Ikamjibu, naye akatusomea kwa sauti huku akicheka: "Samahani, uko sahihi, nimekosea." Mama akauliza, "Nani huyo anayeniomba radhi, mwanangu?" Hakujibiwa. Mpaka leo mashine imeomba radhi na ninyi hamjaomba.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba marekebisho pekee, yaani kila akaunti ihakikiwe kwa namba ya uanachama ndani ya siku 7, kwa gharama zenu, na mtu anayeweza kuusoma msimbo huo na kuueleza. Hilo bado nalitaka. Pamoja nalo, nataka mama yule aandikiwe barua ya kuombwa radhi, iletwe na ofisa wenu kwa mkono na isomwe pale pale dirishani. Nataka pia maelezo ya maandishi kuhusu taarifa za wanachama wetu zilizopelekwa kwenye programu hizo, lini na kwa ruhusa ya nani, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu ninyi kama inavyotuhusu sisi. Siku hizo 7 zikipita kimya, tutadai fedha zote tulizowalipa, tutapeleka shauri hili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mawasiliano yatakayofuata yatatoka kwa wakili wetu.

Awamu ya mwisho ya malipo yenu nimeizuia kuanzia leo. Nakala ya kitabu cha yule mama imeambatishwa. Safari hii kifungueni.

Wenu,
Mhazini wa SACCOS