Nilisaini "kwa hiari yangu", sasa nimekosa fao la kukosa ajira

Mshauri, shikamoo.

Nina umri wa miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili, na kwa miaka saba na miezi minne nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja hapa Tanzania ambacho sitakitaja. Leo ni siku ya 19 tangu nitoke pale. Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi, na ukiendelea kusoma utaona kwa nini.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Tuliitwa ofisi ya utumishi mmoja mmoja, watu 12. Minong'ono ya kupunguzwa ilikuwepo tangu mashine mbili zilipozimwa, kwa hiyo nilipoona jina langu kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni nilishajua naitiwa nini. Nisichokijua ni kwamba ningewekewa barua mbili mezani nichague. Ya kwanza ilisema kampuni inanipunguza kazini kutokana na hali ya biashara. Ya pili iliandikwa kana kwamba nimeiandika mimi: naacha kazi kwa hiari yangu, naishukuru kampuni, sina madai yoyote.

Afisa utumishi akaniambia, "Dada, ukichukua hii ya pili unapewa mishahara miwili leo hii hii, na rekodi yako inabaki safi. Ukichukua ile, malipo yatakuja baadaye, na huko uendako watajua kuwa uliachishwa."

Naomba nimtendee haki huyu afisa, maana si adui yangu. Nilipojifungua mtoto wa pili kwa upasuaji, ni yeye aliyefuatilia karatasi zangu za likizo ya uzazi mimi nikiwa bado wodini, na alikuja na mkewe kunijulia hali. Nimemchukulia kama kaka miaka yote. Nilisaini bila kusoma mara ya pili. Wenzangu wanane nao walisaini hiyo hiyo. Watatu walikataa, wakaondoka na barua ya kupunguzwa na mikono mitupu, na siku ile nikawaonea huruma.

Jumanne iliyofuata nilikwenda NSSF. Nilikuwa nimesikia kwamba siku hizi kuna fao la kukosa ajira, ila sikuwahi kulifuatilia; ukiwa kazini mambo hayo unayaona ni ya wengine. Binti niliyemkuta dirishani alinieleza kwa utulivu, na kwa kuwa wasomaji wengine wanaweza kuwa gizani kama nilivyokuwa mimi, nayarudia aliyoniambia. Fao hili ni la mwanachama aliyepoteza kazi si kwa kutaka kwake, mfano aliyepunguzwa au aliyekatishiwa mkataba. Awe amechangia kwa miezi isiyopungua 18, awe hajafikisha miaka 55, na awe hajapata kazi nyingine. Akitimiza hayo, analipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi sita.

Mshahara wangu ulikuwa shilingi 520,000. Nilipiga hesabu palepale kwenye simu: kama laki moja na elfu sabini na tatu kwa mwezi, milioni moja na kidogo kwa miezi yote sita. Si utajiri, lakini ni kodi ya nyumba na ada ya mkubwa mpaka nipate pa kushika. Nikamkabidhi barua yangu. Aliisoma, akanyamaza, kisha akaweka kidole chini ya maneno matatu: kwa hiari yangu.

"Mama, hapa hujaachishwa. Hapa umeacha."

Nilimweleza yote, barua mbili, mishahara miwili, watu 12. Alinisikiliza. Akasema yeye anafanyia kazi kilichoandikwa, na kilichoandikwa kina sahihi yangu. Sina la kumlaumu. Kabla sijainuka akaniuliza kama nimewahi kuangalia taarifa ya michango yangu. Sikuwahi, hata mara moja kwa miaka saba. Akanitolea, na hapo nikapata pigo la pili: nimefanya kazi miezi 88, iliyoandikwa ni 84. Minne ya mwisho haipo. Na slipu zangu za mshahara za miezi hiyo minne zipo nyumbani, kila moja inaonyesha makato ya shilingi 52,000, ambazo mwajiri alitakiwa kuzipeleka pamoja na za kwake zikamilike asilimia 20. Za kwangu zilikatwa. Zilikwenda wapi?

Mtu anaweza kusema miezi minne ni kitu gani kwenye 84. Kwangu ni kitu. Pensheni ya uzeeni inataka miezi 180 ya michango, nami hata nusu ya njia sijafika, na sijui kazi nyingine ya mkataba nitaipata lini. Shemeji yangu ananihimiza nikachukue michango yote nifungue biashara, kama alivyofanya yeye zamani. Hilo lilikuwa fao la kujitoa, na liliondoka na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018. Fao hili la miezi sita ndilo lililokuja mahali pake. Nimemweleza mara tatu, bado anaamini kuna mlango wa nyuma.

Aliyenifumbua macho zaidi ni mzee mmoja jirani yetu, mstaafu, aliyewahi kuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Alikuja jioni na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, imechakaa, ina alama za penseli kila ukurasa. Hakunipa pole. Aliuliza maswali. Mliitwa kikao kabla ya Ijumaa hiyo? Mlielezwa sababu za kupunguza watu na namna watakavyochaguliwa? Kulikuwa na mashauriano? Hapana, hapana, hapana. Akanionyesha kwamba mwajiri anayetaka kupunguza watu anapaswa kutoa taarifa ya nia yake mapema, kueleza sababu na kushauriana na wafanyakazi au chama chao, siyo kubandika majina mlangoni siku ya mwisho.

Kisha akachukua daftari la mwanangu tukapiga hesabu pamoja. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, na mwajiri asipotaka uitumikie anakulipa fedha yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi, mwisho miaka kumi. Mimi nina miaka saba kamili, ndizo siku 49. Tulikuwa tukifanya kazi siku sita kwa wiki, kwa hiyo mshahara wangu wa siku ni kama shilingi 20,000. Siku 49 ni 980,000. Ongeza notisi, inagonga milioni moja na laki tano, na hapo bado fedha ya siku za likizo ambazo sikuzichukua.

Nilipewa 1,040,000.

Mshauri, nilikaa na lile daftari muda mrefu. Ile Ijumaa nilitoka pale nikiwa nashukuru. Nilimpigia mume wangu nikamwambia wametufanyia ubinadamu, wametupa mishahara miwili. Kumbe nilichokiona ni hisani kilikuwa pungufu ya haki yangu kwa zaidi ya laki nne, na juu yake nikatoa kwa sahihi yangu mwenyewe fao la miezi sita. Wale watatu niliowaonea huruma wameshapeleka barua zao NSSF, na hakuna aliyeambiwa kuwa ameacha kazi. Hata cheti cha utumishi, ambacho mzee anasema mwajiri hana budi kunipa, sijapewa, na miaka saba ile sina karatasi ya kuionyesha kwingine.

Sasa ndiyo nafika kwenye hesabu ya siku. Mzee ananiambia mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Mimi nimebakiwa na 11. Kwake yeye jambo liko wazi, niende kesho. Anasema sheria inamhesabu mwajiri kuwa ndiye aliyekuachisha hata pale unapoondoka mwenyewe, endapo yeye ndiye aliyefanya kuendelea na kazi kusivumilike.

Hapo ndipo akili yangu inapokwama. Mimi sikuteswa. Hakuna aliyenishika mkono wala kunitishia. Kama ningeikataa barua ya pili ningepewa ya kwanza, kama wenzangu watatu, na leo nisingekuandikia. Nikisema mbele ya msuluhishi kwamba nililazimishwa, nitakuwa nasema kweli? Nimejiuliza swali hilo usiku mwingi, na jibu ninalolipata ni kwamba nilichagua barua, sikuchagua kuondoka. Kubaki kazini hakukuwa mezani. Barua zote mbili zilinitoa nje siku ile ile, na hakuna aliyeniambia kuwa moja inanitoa na fao langu na nyingine inanitoa bila hilo. Lakini mimi si mwanasheria, na huenda najifariji tu.

Ushahidi ninao kidogo. Mmoja wa wale watatu yuko tayari kunipa nakala ya barua yake, na ina tarehe ile ile ya barua yangu. Kati ya wanane waliosaini, wawili wako tayari tuende pamoja. Mmoja alikubali, kisha akaacha kupokea simu zangu. Wengine wanasema fedha wameshakula, waende kudai kwa uso gani.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni yule afisa. Jumapili alinipigia. Ameshapata habari kwamba nilikwenda NSSF. Hakunikaripia. Alisema naye aliagizwa, kwamba barua zilitoka juu zikiwa zimeshachapwa, na kwamba nikienda CMA ni yeye atakayeitwa kujibu, si waliomtuma. Akasema, "Dada, na mimi nina watoto." Nilishindwa kumjibu. Nikikumbuka ile siku aliyokuja wodini na mkewe, roho inanisuta. Nikikumbuka maneno yake ya "rekodi yako inabaki safi", najiuliza kama alijua kuhusu fao. Mtu wa utumishi, miaka mingi kazini, hakujua kweli? Sikuthubutu kumuuliza, na sijui kama jibu lake ningeliamini.

Mume wangu anataka tuachane na jambo hili. Yeye ni fundi umeme wa kujitegemea, wiki moja ana kazi tatu na wiki nyingine hana hata moja, na hofu yake ni kwamba kiwanda kikirudisha watu mimi sitaitwa tena. Sisemi amekosea. Ila nimeona namna anavyotoka sasa alfajiri na kurudi usiku, na najua anaziba pengo langu bila kulalamika.

Kuna na jambo jingine. Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi ameniomba nimwekee vitabu vya stoo siku tatu kwa wiki, atanilipa shilingi 150,000 kwa mwezi, bila mkataba. Ninaihitaji hiyo fedha hata leo. Lakini kama nitaipigania barua yangu ibadilishwe na fao lifunguke, sharti ni niwe sina kazi nyingine, nami sitaki kusema uongo NSSF. Nimeshaumizwa vya kutosha na karatasi isiyosema kweli. Je, kibarua cha siku tatu kinahesabiwa kuwa nimepata ajira? Nikikikubali sasa, nitakuwa nimejifungia mlango kwa mara ya pili bila kujua?

Ninachokuomba, Mshauri, unijibu kama ungemjibu mdogo wako. Barua yenye sahihi yangu na maneno "sina madai" inaweza kupingwa, au niikubali nigeukie ile michango ya miezi minne peke yake, ambayo naamini hakuna sahihi inayoweza kuifuta? Nimeshapanga slipu zote nne na taarifa ya michango kwenye bahasha moja. Na kama ni kwenda CMA, kuna namna ya kuifikisha kampuni pale bila kumbebesha mzigo mtu aliyewahi kunitendea wema, au hilo halimo mikononi mwangu?

Najua barua za wasomaji huwa na foleni. Yangu ina siku 11.

Wako,
Mama wa Stoo