Barua kwa mwanangu: kabla ya kuandika, itisha arbuni

Langoni, Lamu

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mguu wa mamako umepoa, na leo ameteremka mwenyewe mpaka Mkunguni kununua samaki. Baada ya salamu: ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Jambo lenyewe si la kujibiwa kwa maneno mawili ya simu, ndipo nikakaa kitako nikuandikie.

Umesema wenye jarida hilo la utalii wanataka makala nne juu ya mji wetu: milango, misikiti, Maulidi na mapishi. Kila ukurasa wao una tangazo la hoteli au la ndege, lakini mwandishi hana fungu. Malipo yako ni jina lako kuonekana. Nawe waniuliza ukubali, maana una miaka sita katika kazi hii na mwezi huu hukupata kazi hata moja.

Mamangu, usikubali. Nitakueleza kwa nini, na nitaanza na kisa ambacho sijapata kukuhadithia.

Mwaka 1996, wewe hujaanza kutembea, alinijia bwana mmoja aliyekuwa akijenga nyumba ya wageni Shela. Alitaka mlango wa mbao mbili, mbambakofi mtupu, nakshi kwenye miimo, kwenye mfaa na juu mpaka kwenye kizingiti. Mbao atanunua yeye. Ujira hana, kwa kuwa ujenzi umemmaliza. Ila kila mgeni atakayeingia atauona mlango ule, atauliza fundi ni nani, na mimi nitashindwa na wingi wa wateja. Nilikuwa kijana, nina mke na mtoto mchanga, na ile picha ya wateja wakipanga foleni barazani kwangu ikanilevya. Nikakubali.

Nilichonga wiki saba. Mbambakofi ni mti mgumu, patasi mbili zilinivunjikia. Nyumbani tulikula kwa mahamri ya mamako, aliyoamka kuyakanda saa kumi usiku, na hakunisema hata siku moja. Mlango ulitoka mzuri. Hata leo nikipita Shela hutazama upande mwengine, na si kwa sababu una kasoro.

Wateja kweli walikuja. Walikuja watatu, na wote watatu walikuja na bei yao mfukoni: wameambiwa fundi huyu ukimpa mbao anachonga. Wa kwanza nilipomtajia ujira alicheka akidhani namtania. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa yule bwana hakunisingizia neno. Bei ile niliiweka mimi kwa mkono wangu, na mji mzima ukaisikia.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Jioni moja alikuja barazani kwangu mzee mmoja wa Mkomani, fundi aliyekuwa akichonga kabla sijazaliwa. Akaketi, akapewa kahawa, akanywa vikombe viwili kimya. Kisha akaniambia kuwa mlango ule wa Shela aliombwa yeye kwanza, akataja ujira wake wa kawaida, na yule bwana akamwambia atafikiri. Alikuwa na wajukuu watano nyumbani. Akaniuliza, “Na hawa wale nini, mwanangu?” Sikuwa na jibu. Alipoondoka niliona kahawa ya kikombe cha tatu imebaki pale pale, haikuguswa.

Kwa hiyo ukiniambia “ni makala nne tu, baba, si mwisho wa dunia,” mimi namwona yule mzee. Kuna mwandishi mwenzio, huenda ana watoto, aliyetaja bei yake kwa jarida hilo wiki iliyopita akaambiwa watafikiri.

Utanikumbusha kwamba hata mimi nilifanya kazi bure nikijifunza. Kweli. Nilikaa kwa ami yangu miaka miwili nikisugua mbao na kunoa patasi, sikulipwa shilingi. Lakini nilikula kwake mchana na usiku, na kila kosa langu alilisahihisha kwa mkono wake juu ya mkono wangu. Siku ya kuondoka alinipa patasi tano na nyundo. Ule ulikuwa ujira, na mkubwa. Hawa wa jarida watakufundisha nini? Nani hapo atakaa na sentensi zako akakuonyesha ilipopinda? Wewe si mwanagenzi tena.

Wala sisemi usiandike bure kabisa. Mimbari ya msikiti wetu nilichonga bila kupokea kitu, na ningeulizwa bei ningekasirika. Ule ulikuwa mkono wangu mwenyewe ukitoa, na hapana mtu aliyekuwa akiuza tiketi mlangoni. Tazama basi: je, na mwenye jarida anafanya bure? Mpiga chapa je? Mwenye mtambo wa intaneti je? Ikiwa wote hao wanalipwa na mwandishi peke yake ndiye asiyelipwa, hiyo si sadaka, umefanywa mtaji wa mtu. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Sijasikia kuwa jasho la kalamu limetolewa katika amri hiyo.

Na usidhani kulipwa kunaishusha kazi ya kuandika. Katika mji huu huu aliishi Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mchongaji milango kama mimi, na mwandishi wa khati usiyechoka kuitazama. Wanazuoni wa Kizungu walipotaka tendi za zamani, yeye ndiye aliyewanakilia, na alinakili kwa malipo. Miswada yake leo imehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London. Fedha aliyopokea haikuifanya khati ile iwe mbaya.

Kisha kumbuka kisa ulichonisomea wewe mwenyewe Idi iliyopita, cha Huffington Post, gazeti la mtandaoni la Marekani. Ilianzishwa mwaka 2005, na maelfu waliiandikia bila kulipwa ili majina yao yaonekane. Mwaka 2011 ikauzwa kwa kampuni ya intaneti ya AOL kwa dola milioni 315. Mwandishi Jonathan Tasini akafungua kesi kwa niaba yake na wenzake, wakidai dola milioni 105, na Machi 2012 jaji akaitupa: waliandika huku wakijua hawatalipwa. Uliponisomea ulikasirika hata ukaacha chai ikapoa. Hasira ile imekwenda wapi?

Jambo moja zaidi, la sheria. Wakili mmoja niliyemtengenezea kasha alinieleza kuwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, inahesabu kazi iliyoagizwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hakimiliki hiyo hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Basi makala hizo nne, pamoja na yale bibiyo aliyokuhadithia kuhusu Maulidi ya zamani, zaweza kuwa mali yao, na siku ukitaka kuzikusanya kitabuni uende kuomba ruhusa. Kama hamna maandishi, pataneni kwa maandishi, hata kwa kazi ya kulipwa.

Wajibu kwa adabu na kwa ufupi. Taja bei yako kwa kila makala, nusu iwe arbuni kabla hujaanza, taja siku ya salio, na useme hakimiliki inabaki kwako. Usiombe radhi kwa kutaja bei. Mimi siku hizi sigusi patasi kabla ya arbuni, na wanaotaka mlango huitoa. Wasiotoa huenda zao, na huzuni yake huisha kwa siku mbili.

Kuhusu kodi ya nyumba, usinifiche. Nimepokea arbuni ya kasha juzi, nitakutumia kwa M-Pesa leo baada ya alasiri. Usinirudishie.

Na ule utangulizi wa kijitabu cha kasida za madrasa, mwalimu ameniuliza tena jana. Wanachapa wenyewe, wanagawa bure kwa watoto. Ukiweza umalize kabla ya mfungo sita, wapate kuusoma Maulidi hii.

Wasalaam,
Babako